Mama Pindo na Leseni Yake ya Uthamini

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Pindo, mthamini wa majengo mwenye leseni. Nasema mwenye leseni, na nitarudia tena, kwa sababu leseni hiyo aliisotea.

Alianza kama fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele, dirisha likitazama barabarani, vipande vya vitambaa vimejaa hadi chini ya meza. Kisha baba yake akafariki, na nyumba ya familia ikabidi iuzwe ili watoto wagawane. Akaja mtu wa kuikadiria. Akasimama getini, akatupa jicho, akataja thamani, akaondoka zake. Hakuingia ndani. Hakuona kisima cha uani wala sakafu ambayo marehemu aliimwaga kwa mikono yake. Nyumba ikaenda kwa bei ya kutupa, na kaka zake Mama Pindo wakalaumiana mpaka wakanuniana.

"Hapo ndipo mama alipotuambia anakwenda kusomea kazi ile," anasema binti yake. "Baba akamwuliza, 'Mama watoto, na cherehani je?' Mama akajibu, 'Cherehani haina miguu, haiendi popote.'"

Basi akasoma. Mchana anashona, jioni yuko darasani. Wenzake walikuwa rika la wanawe, wakamwita shangazi. Baadaye akaajiriwa chini ya mthamini mwenye leseni. Yeye anapima, anaandika, anatoa jasho. Bosi anatia sahihi. Bila leseni, ripoti haikuwa yake.

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Wakapewa nyumba moja, waipime, waichore. Mama Pindo akaipima kona hadi kona, akakabidhi mchoro huku anatabasamu. Msahihishaji akautazama, akavua miwani.

"Mama, mbona nyumba yako imevuka mpaka? Choo kimeingia jikoni kwa jirani!"

Mnajua kilichotokea? Mkono ulikuwa umezoea. Fundi cherehani akishapima, huongeza kidogo kwa ajili ya pindo. Na nguo ya mtoto huongezewa zaidi, maana mtoto atakua. Mama yetu alikuwa ameuachia kila ukuta pindo! Darasa zima likaangua kicheko. Akafeli. Na jina la Mama Pindo likaanzia hapo.

Alirudi nyumbani, akajifungia chumba cha kushonea, akalia. Aliona amejiaibisha, na alihofia nyumba za watu zitaendelea kukadiriwa kutoka getini. Mumewe, fundi bomba, akaja mlangoni.

"Mama watoto, unalia nini? Nyumba ikipwaya si unaibana tu?"

Akacheka na machozi yake. Kuanzia hapo akapima kila kitu mle ndani. Kabati, milango, kitanda. Mumewe alikuwa akisema kwamba hata yeye aliogopa kusimama wima, asije akachorwa. Na kila alipotaja kipimo, alikimalizia kwa sauti: "Bila pindo." Alirudia mtihani. Safari hii akafaulu. Leseni akaitundika juu ya cherehani, na kwa mara ya kwanza akatia sahihi yake mwenyewe.

Hakuwahi kuthamini nyumba akiwa getini. Aliingia kila chumba, hadi stoo. Hata nyumba ikiwa tupu, alipiga hodi kwanza, akasubiri kidogo, ndipo akaingia. Wenye nyumba walimnunia alipotaja thamani ndogo kuliko waliyoiota, lakini hawakuweza kusema hakuona. Ndugu wengi wamegawana urithi wakiwa bado wanasalimiana, na leo wametupigia simu kusema asante.

Nyumba moja tu aliikataa. Ya kwake. Kazi yao ina sheria: usithamini kitu ambacho una maslahi nacho. Wanawe walimtania miaka yote, "Mama, hii yetu je?" Naye alikuwa akijibu, "Siruhusiwi."

Kwa mumewe, kwa wanawe, kwa kaka zake na kwa wenzake kazini, tunasema poleni sana. Tunashukuru mlituazima mama huyu. Nasi tuliobaki tujiulize: yule tuliyekwisha kumkadiria, tuliingia ndani, au tulimwona kutoka getini?

Wiki yake ya mwisho, wanawe walikuwa wamemzunguka kitandani. Binti yake akataka kumchekesha.

"Mama, na sisi je? Tuna thamani gani?"

"Nyinyi siruhusiwi," akasema. "Nina maslahi."

Kisha akamshika binti yake mkono.

"Ila ningewapima, ningeacha pindo."