Daktari Aliyegoma Kutoka

Benchi hilo lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali huonywa mapema asicheke kwa nguvu. Liko kwenye kibaraza cha duka la Futi, fundi cherehani, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Wanachama wa kudumu, ukimtoa yeye, ni watatu. Yupo Viza, aliyepita nchi saba akiwa utingo wa malori, akarudi na laptop moja na maneno mengi. Yupo Transista, fundi redio, ambaye redio ikipona husema ni mkono wake na ikifa husema ni umeme. Na yupo Shangazi, muuza kahawa, asiye shangazi wa yeyote pale lakini huwasema wote kama watoto wa kaka yake. Siku hiyo, saa tano asubuhi, siku ya kazi, Futi alikuwa ameifunika cherehani yake kwa shuka. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu siku aliyooa.

Sababu ilikuwa DVD. Kitinda mimba wake alikuwa amehitimu udaktari wa mifugo katika chuo cha mbali, na kadi za mwaliko zilikuwa mbili tu. Moja ilikwenda kwa mama yake. Ya pili ilikwenda kwa bibi mzaa mama, ambaye hata angenyimwa kadi angeingia. Futi akabaki dukani, akajifanya ana kazi nyingi. Mpiga picha alirekodi sherehe nzima, DVD ikaja kwa basi juzi, nakala moja, na tangu juzi mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuambiwa. Ila mwenyewe hakuwa ameiona bado.

Aliitoa kwenye kifuko cha mahameli kwa vidole viwili. Juu yake alikuwa amebandika duara la satini nyekundu, lililodariziwa kwa uzi wa dhahabu: DAKTARI.

— Hiyo ni DVD au ni waziri? aliuliza Shangazi.

— Mwanangu hawezi kutembea uchi na baba yake ni fundi.

— Darizi imekaa, bwana, alisema Viza. Hata kule nje sijaona ya namna hii.

Transista naye akaisifu, akaipitishia mkono kama anayebembeleza paka. Viza akabonyeza kitufe, laptop ikatoa ulimi, DVD ikalazwa, ulimi ukarudi ndani. Ikasikika krr, krr, krr, kisha kimya. Kwenye kioo yakatokea maandishi: tafadhali weka diski.

— Nimeshaweka, Futi aliiambia laptop, kwa adabu.

Walirudia mara ya pili, na ya tatu. Tafadhali weka diski.

— Ni lenzi, alisema Transista. Jicho la laptop lina mtoto wa jicho. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Shangazi.

— Inaingia taratibu. Ukiiharakisha haiingii.

— Laptop yangu haiumwi, alisema Viza. Tatizo lenu hamjatoka. Kule nje, DVD zina mipaka. Ya nchi hii haichezi kwenye mashine ya nchi ile. Hii laptop nimeinunua nchi ya nne, kwa hiyo inamwona daktari wetu kama mgeni asiye na karatasi.

— Si wewe uliyelala rumande nchi ya nne kwa kukosa karatasi? aliuliza Shangazi.

— Ndiyo maana namwonea huruma.

Transista hakukubali kushindwa na mtu wa malori. Alisogea mbele ya benchi, tofali likalalamika.

— Hebu pigeni hesabu. Mle ndani kuna wahitimu mia tatu, maprofesa, mkuu wa chuo na majoho yao. Hii laptop imezoea filamu za watu wawili wanaopigana. Betri gani itainua elimu yote hiyo?

Wakaichomeka kwenye soketi ya pasi. Krr, krr, krr. Tafadhali weka diski.

— Basi ni hotuba, alisema Viza. Sherehe za chuo huanza na hotuba ya mgeni rasmi. Kule nje mashine za kisasa zikinusa hotuba ndefu hujizima zenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Viza, waache wahenga wapumzike, wamefanya kazi sana leo, alisema Shangazi.

Futi hakucheka. Alikuwa amesimuliwa ile siku na mkewe, akasimuliwa tena na mama mkwe, kila mmoja na sherehe yake, na mwisho wa kila masimulizi alibaki palepale, dukani, na sindano mdomoni. Alitaka kumwona kwa macho yake mawili mtoto akipita.

Ndipo Transista alipokwenda kibandani kwake akarudi na DVD nyingine, muziki wa dansi. Wakaiweka. Ikapiga hapohapo, na watu wawili waliokuwa wakipita njia wakatingisha kiuno.

— Mnaona? Viza alitoa kifua. Laptop nzima kabisa. Mgonjwa ni DVD.

Futi aliketi upande wa tofali. Aliwaza kwamba mpiga picha amemletea diski tupu, na kwamba kesho itabidi aanze kukwepa mtaa ule ule aliouambia. Shangazi aliweka birika chini, akashika DVD mbili, moja kila mkono.

— Naomba kuuliza, na mimi ni muuza kahawa tu. Hii iliyocheza haijavaa kitu. Hii iliyogoma imevaa koti. Mle ndani huwa inakaa tu, au inazunguka?

Viza alimtazama Transista. Transista alilitazama birika.

Futi aliichukua DVD yake, akaipima ukingo kwa kidole gumba kama anavyopima kola. Juu satini. Chini ya satini gamu, kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, tena mikunjo miwili, kwa kuwa mmoja aliuona kama dharau kwa msomi.

— Nimemvalisha koti la baridi, alisema, halafu namwambia akimbie.

Akaanza kucheka yeye, wengine wakapata ruhusa.

— Mimi niliona tangu mwanzo, alisema Transista. Nikaheshimu tu.

— Uliheshimu mtoto wa jicho, alisema Viza.

Bahati nzuri alikuwa amebandika kwa uji wa ngano. Kitambaa kibichi, subira kidogo, na lile koti likavuka lenyewe. Futi akaifuta DVD kwa kipande cha bitana, kutoka katikati kwenda nje, Viza akaiweka. Krr, ikasema laptop, kisha ikatoka sauti ya matarumbeta.

Picha ilikuwa imechukuliwa toka juu na mbali. Ukumbi mkubwa, na mstari wa majoho meusi na kofia za pembe, watu wadogo kama punje, wakisogea kuelekea jukwaani. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi yake aliona shuka juu ya cherehani, akaelewa kwamba sketi haipo leo, akasimama nyuma ya benchi na kuchungulia.

— Samahani. Wote wamevaa sawa. Wa kwenu ni yupi?

Viza, aliyemjua binti tangu akitambaa, alionyesha wa kwanza. Transista alionyesha wa tano.

— Huyo ana ndevu, alisema Shangazi. Kisha akainama mwenyewe, akatafuta, akainuka hajampata.

Kidole cha Futi kilikuwa kimeshafika, kikaning'inia mbele ya kioo bila kukigusa.

— Huyu.

— Uso hauonekani, ndugu yangu. Umejuaje? aliuliza Viza.

— Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Nimemshonea sare tangu darasa la kwanza, na kila mwaka naweka pedi upande huo. Hajawahi kujua. Joho ni la kukodi, hakuna aliyemwekea.

Punje ile ikapanda ngazi, bega lake likitangulia kidogo, haraka, kama mwenye miadi na ng'ombe. Kipaza sauti kikasoma jina lake, na baada yake jina la baba, lile la kwenye kitambulisho, ambalo pale kijiweni hakuna aliyewahi kulisikia.

— Kumbe una jina, alisema Shangazi, taratibu.

Mama wa sketi alisogezewa nafasi, akakaa. Futi aliivuta futi shingoni, akaikunja, akaiweka mfukoni.

— Rudisha nyuma, alimwambia Viza.

— Mpaka wapi?

— Mpaka pale bega linapoingia.