Maboksi ya Sayansi Yaliyorudi na Nailoni Yake

Benchi la Hamimu liko Kanyosha, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Kinanira, mbele ya karakana yake ya kuchomelea vyuma. Ni mbao mbili zilizolazwa juu ya rimu za magari. Rimu ya upande wa kulia imezama, kwa hiyo anayekaa huko hunywa kahawa akiwa ameinama kidogo, kama mtu anayesikiliza siri. Jumamosi ile, baada ya alasiri, umeme ulikuwa umekatika na mashine ya Hamimu imenyamaza. Foleni ya magari yanayosubiri mafuta ilikuwa imefika mpaka kwenye kona, madereva wamelala ndani, milango wazi, miguu nje. Fadhila, anayeuza kahawa hapo, alikuwa amewasha makaa mapema kwa kuwa watu wasio na kazi hunywa zaidi. Mwalimu Ilias alifika akakaa upande uliozama. Hakutaka kuja. Alikuwa amejifungia nyumbani siku mbili, na mkewe Houda ndiye aliyemsukuma: nenda, watu wakiona huonekani watasema umeiba.

— Karibu, mwalimu, alisema Hamimu. Tulikuwa tunakusema. Lakini kwa uzuri.

— Kwa uzuri na kwa ubaya, alisema Herménégilde. Haba na haba hujaza kibaba.

Herménégilde ni karani mstaafu wa bandarini. Kijiweni wanamwita Komisiyo, kwa sababu hata mvua ikichelewa yeye huuliza nani amekula komisiyo yake. Pembeni yake alikaa Birindwa, mtu wa Uvira, muuza mitumba, aliyewahi kusoma famasia mwaka mmoja Bukavu akatoka na jina la Dokta. Karatasi hakupata.

— Fadhila, mupe mwalimu kahawa ya nguvu, alisema Birindwa. Mutu ameibiwa maabara mchana kweupe.

— Hawakuiba, alisema Ilias. Vilikuwa vyao. Wamevichukua.

Hilo ndilo lililokuwa gumzo la mtaa mzima. Alhamisi asubuhi lori jeupe lilipanda shuleni, vijana wawili wenye fulana za mradi wakashuka, na kabla ya kengele ya saa nne maboksi ishirini na mawili yalikuwa yamepakiwa. Ndani yake mlikuwa na darubini, mizani, sumaku, betri, nyaya, balbu ndogo ndogo na paneli moja ya jua. Yote bado yamevikwa nailoni yake ya kiwandani.

Na aliyeyaleta maboksi hayo shuleni ni Ilias mwenyewe. Miaka kumi na nne alifundisha fizikia kwa chaki. Alichora betri ubaoni, akachora balbu, akachora miale ya mwanga kuizunguka, na wanafunzi wakanakili miale. Alipopata habari ya msaada wa kufundishia sayansi kwa vitendo, alikaa miezi mitatu kwenye kompyuta ya kukodi ya sibakafe akiandika maombi kwa Kifaransa, akifuta, akiandika tena. Siku jibu lilipokuja alilia mbele ya watu wa sibakafe, na hakuona haya.

— Mi nawaambia, alisema Komisiyo, ile kamio nyeupe ilikuwa na mafuta. Mmejiuliza? Burundi nzima inasukuma magari kwa mukono, wao wanapanda mlima kwa gia ya pili. Mafuta yametoka wapi? Kuna mutu amekula.

— Amekula mafuta?

— Amekula komisiyo ya mafuta! Maboksi yameuzwa zamani. Hiyo mliyoona ikipakiwa ni karatasi tupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo nani amepona? aliuliza Fadhila.

— Mgeni.

Hamimu alicheka, kisha akamtazama Ilias akaacha kucheka.

— Apana, mze, hayakuwa tupu, alisema. Mi niliyaona. Si ni mimi niliyechomelea zile grili za chumba? Mlango wa chuma, dirisha la chuma, na juu ya dari chuma tena. Direkta wa shule aliniambia: Hamimu, fanya kama unafungia simba. Nikafanya. Hata panya hakuingia.

— Hata mwanafunzi, alisema Fadhila polepole.

Ilias aligeuza kikombe mkononi. Ilikuwa hivyo. Siku ya uzinduzi watoto walivishwa makoti meupe, wakasimama kando ya maboksi yaliyofungwa, wakapigwa picha, wakavuliwa makoti. Baada ya hapo mkuu wa shule akasema yasifunguliwe mpaka orodha ipigwe muhuri. Muhuri ulipopatikana, akasema mpaka grili ziwekwe. Grili zikawekwa. Akasema mpaka walimu wapate mafunzo, na mafunzo yakaahirishwa mara tatu kwa ajili ya mafuta. Kila mara alisema neno moja, akipigapiga boksi la juu kama mtu anayembembeleza ng'ombe: akiba haiozi, mwalimu, akiba haiozi. Kisha akamletea Ilias karatasi ya kusaini, kwamba yeye ndiye mtunza chumba, na kitakachovunjika kitakatwa kwenye mshahara wake. Ilias alisoma, akakumbuka bei ya darubini moja, akakumbuka wanawe watatu, akasaini. Tangu siku hiyo ufunguo ulikuwa wake. Aliingia humo kila Ijumaa kufuta vumbi. Peke yake.

— Komisiyo, we unaona karibu, alisema Birindwa. Angalia mbali. Mi ni mutu wa Congo, mi najua hii mchezo. Ndani ya ile mashine yote ndogo ndogo kuna nini? Coltan! Bazungu banaichimba kwetu. Halafu banaogopa kuiweka nyumbani kwao, iko na mionzi. Banaifunga mu boksi, banaandika juu "sayansi", banakuletea weye uichunge miezi nane. Ikishapoa, kamio inakuja.

— Ikishapoa!

— Eeh! Njo maana ilikuja na nailoni, ikarudi na nailoni. Chombo cha kuzama hakina usukani.

— Dokta, na sumaku je?

— Sumaku ni ya kushika ile coltan isikimbie.

Dereva mmoja wa foleni alicheka huko garini bila kufumbua macho. Fadhila alimimina tena. Ilias alitaka kucheka pamoja nao na alishindwa. Yeye aliisoma ripoti ya mradi, ilikuwa na mistari minne. Iliandika kwamba wakaguzi walikuta vifaa havijatumika hata mara moja, na kwa sababu hiyo vinahamishiwa shule nyingine yenye uhitaji. Wao walidhani shule yake haina uhitaji.

— Mi sisemi coltan, alisema Hamimu. Lakini direkta naye, mtoto akililia wembe, mpe! Sivyo? Watoto walilia. Angewapa.

— Angewapa wangevunja, alisema Komisiyo. Wale hata dawati wanavunja. Afadhali vimerudi vizima. Heshima ya shule imebaki.

— Heshima gani, mze?

— Kwamba sisi ni watu wa kutunza vitu.

Hapo ndipo mwanamke alipotokea upande wa chini, akipita katikati ya magari yaliyosimama. Alikuwa amevaa kitenge cha kazi, na harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, ilimtangulia. Hakuwa mtu wa kijiweni. Alisimama hatua mbili kutoka benchini, akaweka kikapu chini, akakusanya mikono mbele.

— Muko salama, bababa?

— Salama, mama. Karibu.

— Mi namutafuta mwalimu Ilias. Ku nyumba bameniambia iko hapa.

Ilias alinyanyuka. Alimkumbuka kutoka mkutano wa wazazi. Ni Consolée, anauza ndagala kwenye soko dogo la Kibenga, mama yake Chance.

— Mama Chance, karibu. Chance wa darasa la tisa. Namjua sana. Anakaa mbele, hana maswali madogo.

— Iko ku hospitali, mwalimu. Tangu Alhamisi.

Birindwa alisogea, akapangusa ubao kwa kiganja. Consolée hakukaa.

— Amefanya nini? Malaria?

— Moto. Moto ya umeme.

Alisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi kwa wauguzi. Alhamisi Chance alirudi kutoka shule akiwa amekasirika, hakula. Alitafuta waya wa pasi mbovu, akaumenya kwa meno pande zote mbili. Akatoa balbu ya tochi. Akafungua daftari la fizikia, akaliweka sakafuni mbele yake, wazi kwenye ukurasa wenye mchoro. Jioni umeme uliporudi, alichomeka waya kwenye prizi, akashika balbu kwa mkono wa kulia.

— Balbu ilipasuka. Yeye akabakia pale, anatetemeka, anashindwa kuachia. Kaka yake, Landry, njo alimupiga na kiti ya mbao akaanguka. Vidole viwili vimekuwa nyeusi. Munganga anasema kimoja atakikata. Kingine banangojea.

Fadhila alikuwa ameshika birika hewani na amelisahau.

Ilias alikaa tena. Alikumbuka Alhamisi ile uwanjani. Lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mlango wa grili. Chance alikuja akasimama ubavuni mwake, akauliza: mwalimu, umeme wa betri na wa nyumbani, si ni mmoja? Naye, macho yakiwa kwenye maboksi, akiona miezi yake mitatu ikipakiwa mgongoni mwa vijana wasiomjua, alijibu: ni mmoja, ni mmoja, rudi darasani.

— Mama, alisema. Mama Chance.

— Mwalimu, mi sikuja na maneno. Mi nimekuja kuuliza. Mi sikusoma hii vitu. Ile umeme ilikuwa mu maboksi, ile ya betri. Nayo inaunguza?

Wote walimgeukia Ilias. Hamimu, ambaye hushika umeme kila siku tangu ujana wake, alijua jibu na akainamisha kichwa.

— Apana, alisema Ilias.

— Hata kidogo?

— Hata kidogo. Mtoto anaweza kushika nyaya zote mbili kwa vidole vitupu, asisikie kitu. Vimetengenezwa hivyo. Vya watoto kushika.

Consolée aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayehesabu vituo vya njia asiyoijua.

— Na ikivunjika, ile balbu yake ndogo?

— Inawekwa nyingine. Zilikuwa mia mbili.

— Mia mbili.

— Ndiyo, mama.

— Basi mulikuwa munaogopa nini?

Alilisema bila kupandisha sauti. Maneno ya Ilias yalikuwepo: muhuri, orodha, mafunzo, karatasi aliyosaini, mshahara, mkuu wa shule. Aliyapanga moja moja, na kila alipolishika moja aliona halifiki hata kwenye ukucha wa mtoto yule. Alimtazama Hamimu. Hamimu alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

— Direkta njo alikataa... alianza Birindwa.

— Direkta simujui, alisema Consolée. Chance hamutaji direkta.

— Mama, haya ni mambo ya juu, alisema Komisiyo, lakini sauti yake haikuwa na komisiyo ya mtu yeyote ndani yake. Ni... Mungu atusaidie.

— Atusaidie, alisema Consolée.

Pikipiki ilipita. Foleni ilisogea gari moja, madereva wakashuka kusukuma ili wasichome mafuta, wakapanda tena wakalala. Consolée alikuwa bado amesimama palepale, hana hasira, na hilo ndilo lililomshinda Ilias kuvumilia.

— Si mi nauliza, alisema mwishowe. Ni yeye. Tangu jana anauliza. Nikamuambia, ngoja, mi nitauliza mwalimu, mwalimu anajua. Sasa naenda kumupelekea uji. Nitamuambia nini?

Fadhila alimimina kahawa kwenye kikombe cha Ilias, kikajaa, ikamwagika juu ya ubao ikashuka upande uliozama mpaka kwenye suruali yake. Hakuhisi. Alisimama.

— Nipe hicho kikapu, mama. Twende wote.

— Utamuambia mwenyewe?

— Nitamwambia.

Alibeba kikapu cha uji, wakashuka barabara kando ya foleni, mwanamke mbele, mwalimu nyuma. Benchini hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyeomba kikombe kingine. Hamimu aliingia karakanani, na ingawa umeme haukuwepo alikaa mbele ya mashine yake mpaka magharibi.

Kutoka hapo mpaka hospitali ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Ilias alizitumia zote kutafuta jibu. Alijaribu kwa Kiswahili, akajaribu kwa Kirundi, akajaribu hata kwa Kifaransa chake kile cha kuandikia maombi. Kwenye mlango wa wodi Consolée alimpokea kikapu, akasukuma pazia. Chance alikuwa ameegemea mto, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alimwona mwalimu wake, akajaribu kukaa wima kwa adabu, kama anavyofanya darasani.

— Mwalimu, alisema, kumbe umeme si mmoja.

Ilias aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wa mkono ule uliofungwa.