Abiria wa Kukaa

IMRAN: Haloo? Naongea na nani?

SHAMSIA: Na mama yako.

IMRAN: Mathe... Shikamoo, mama. Hii namba siijui.

SHAMSIA: Marahaba. Huijui, ndiyo maana umeshika. Yangu unaijua, na tangu asubuhi inalia tu huko kwako.

IMRAN: Simu ilikuwa kwa chaji, mama.

SHAMSIA: Haya. Hii ni ya Mama Shiru. Ameniazima na kredo yake ni kidogo, kwa hivyo usinizungushe. Basi liko wapi?

IMRAN: Basi gani?

SHAMSIA: Imran. Kuna mengine? Basi la stima, hilo unaloliitia watu kila siku na ile fulana yako ya reflekta. Tuko hapa steji ya Umoja, mimi na Mama Shiru na Nabwire, tumekaa kwa benchi ya muuza magazeti. Basi hatulioni, na wewe hatukuoni.

IMRAN: Kwani... mmekuja kukaa? Hata leo?

SHAMSIA: Kukaa nini. Leo tunasafiri. Mama Shiru ana kliniki ya kifua huko mjini. Si nilikwambia?

IMRAN: Hukuniambia, mama.

SHAMSIA: Nilikwambia ukiwa unakula, na wewe ukila masikio yanafunga. Hiyo kliniki ameikosa sana. Akipanda hizi matatu za dizeli anafika Donholm pumzi imekwisha, anashuka, anarudi nyumbani pole pole akishika kuta za watu. Nikamwambia, sasa wasiwasi wa nini, Imran wetu ana basi halina moshi. Tutakusindikiza, na kiti cha dirishani ni chako.

IMRAN: Mama, sikiza—

SHAMSIA: Ameamka akaoga, akavaa lile koti la kanisani—

IMRAN: Mama—

SHAMSIA: Ngoja, sisikii, kuna matatu inapiga resi hapa. [Anakohoa.] Huyu dereva naye. Gari limesimama na anakanyaga mafuta, moshi wote umekuja kwa benchi. Mama Shiru, jifunike na leso. Hiyo, hiyo hapo. — Haya, ulikuwa unasemaje?

IMRAN: Leo basi haliji.

SHAMSIA: Limeharibika?

IMRAN: Aah... haliji tu.

SHAMSIA: Au stima ilipotea? Hata kwetu ilipotea usiku. Likishachaji litakuja, tutangoja.

IMRAN: Msingoje.

SHAMSIA: Kwa nini tusingoje? Sisi hatuna haraka, bora asikose daktari.

[Mtandao unakwaruza.]

IMRAN: ...Buruburu.

SHAMSIA: Nini Buruburu?

IMRAN: Limepelekwa Buruburu, mama. Kampuni imelitoa Umoja. Na si leo tu. Limetoka kabisa.

SHAMSIA: Limetoka vipi? Si walikuja hapa wakasema ni la majaribio, tukilipanda wataleta mengine, mpaka haya magari ya moshi yaishe steji yote? Na si tulilipanda?

IMRAN: Mlilipanda.

SHAMSIA: Basi?

IMRAN: Kwa mlango kuna kamashine. Kanahesabu mtu akipanda, kanahesabu akishuka, kanajua hata ameshukia wapi.

SHAMSIA: Ehe.

IMRAN: Sasa kameonyesha watu wa Umoja wanapanda Umoja, na wanashuka Umoja.

SHAMSIA: Sijakuelewa.

IMRAN: Wanapanda, wanakaa, wanashuka. Hapo hapo. Hawaendi mahali.

SHAMSIA: Lakini hao... hao si ni sisi?

IMRAN: Ndiyo, mama.

SHAMSIA: Lakini wewe ndiye ulituita. Ulikuja kwa meza yangu ya bhajia ukasema, mama, lete na wenzako mpumzike ndani, kuna hewa safi, mtoke kidogo kwa huu moshi. Kila asubuhi. Likikaribia kutoka unatuambia haya, shukeni, kesho tena.

IMRAN: Hiyo ni kazi ya steji, mama. Gari likiwa tupu hakuna mtu anaingia, kila mtu anangoja mwenzake aanze. Kwa hivyo unaweka watu wa kukaa. Wasafiri wa kweli wakija, wa kukaa wanashuka mmoja mmoja. Matatu zote hapa hujaza hivyo, hata wewe unaona.

SHAMSIA: Watu wa kukaa nawajua. Ni wale vijana wa kutafuna miraa, wanajifanya wanasoma gazeti. Wanalipwa kwa hiyo kazi.

IMRAN: Kampuni iliwakataa hao. Ilisema haitaki kuona vijana wa steji ndani ya basi lake.

SHAMSIA: Kwa hivyo ukamleta mama yako. Nakuuliza, Imran. Kwa nini mimi?

IMRAN: Mama mtu mzima, na buibui lake, akikaa dirishani... watu wanaamini gari. Wanaona hili ni gari la heshima.

SHAMSIA: Eeh.

IMRAN: Nilitaka lijae, mama, haki ya Mungu. Nililipenda hilo basi kuliko hata wenyewe. Siku za kwanza lilikuwa linatoka viti vitupu, nikajua wataliondoa. Nikafanya vile najua.

SHAMSIA: Mimi nilidhani unanijali.

IMRAN: Nakujali, si—

SHAMSIA: Nilidhani mwanangu ameona vile nashinda kwa moshi nikikohoa, akanitafutia pahali pa kupumua. Nimeyasema hayo msikitini. Nimejisifu mpaka wengine wakanuna. [Anakohoa.] Na hawa niliwaita mimi mwenyewe. Mama Shiru alikuwa hataki, anasema ataonekana mtu wa bure bure. Nikamwambia kaa, ni mwanangu.

IMRAN: Mama, punguza sauti. Wanasikia?

SHAMSIA: Nimesogea kando, niko hapa kwa muuza maji. Sasa unaona haya. Na hao wasafiri wa kweli, angalau walikuja?

IMRAN: Wachache. Ndambuki, yule mwalimu, nilikutana naye jana. Anasema hajawahi hata kujaribu. Kila akipita anaona limejaa wamama watu wazima, na hawezi kuingia halafu mama mtu mzima asimame ampishe. Anaona ni utovu wa adabu. Anaingia matatu.

SHAMSIA: Yaani sisi ndio tuliofukuza watu.

IMRAN: Si nyinyi. Ni mimi.

SHAMSIA: Na uliwaambia hivyo? Hao wa kampuni?

IMRAN: Aah... mama, kredo ya watu itaisha.

SHAMSIA: Walipokuuliza hawa wa kupanda na kushuka ni akina nani, uliwajibu nini?

IMRAN: Haloo? Mtandao huu, mama, unakata—

SHAMSIA: Mtandao uko sawa.

IMRAN: Walikuwa wengi, mama, na kompyuta yao mezani. Mimi peke yangu kwa kiti...

SHAMSIA: Uliwajibu nini, Imran?

IMRAN: Nilisema ni wamama wa mtaa. Nikasema wanapenda tu kukaa ndani. Nikasema... huwa nawaambia washuke, lakini hawasikii.

[Honi za matatu.]

IMRAN: Mama?

SHAMSIA: Niko.

IMRAN: Ilinitoka tu. Niliogopa. Na hata haikunisaidia, reflekta wamechukua, kazi hakuna.

SHAMSIA: Hawasikii.

IMRAN: Sikutaja jina, mama. Sikusema mmoja wao ni mama yangu.

SHAMSIA: Ungesema. Afadhali ungesema. Kuna picha?

IMRAN: Kamera iko hapo juu ya mlango.

SHAMSIA: Kile kitu cheusi? Mimi nilikuwa nakipungia mkono. Nabwire aliniambia ni cha dereva kutuangalia, nami nikawa nakipungia kila nikiingia, na kila nikishuka. Ya Rabi. Watu wamekaa ofisini wakatazama mwanamke mzima akipunga mkono, na mwanangu yuko hapo hapo anawaambia huyu hasikii.

IMRAN: Nisamehe, mama.

SHAMSIA: Najisikia kama nimevuliwa nguo. Sijui nirudi pale kwa benchi na uso gani.

IMRAN: Pole. Mama, pole.

SHAMSIA: Eeh, Mama Shiru? — Ndiyo, ni yeye. — Anakusalimia sana. — Amesema... amesema limechelewa kidogo tu. Liko njiani. Kaeni, msisimame, linakuja.

IMRAN: Mama, umewaambia nini?

SHAMSIA: Umesikia.

IMRAN: Haliji, mama. Sasa atakaa hapo mpaka kliniki impite.

SHAMSIA: Najua.

IMRAN: Waambie ukweli, basi.

SHAMSIA: Huo ukweli unautaka kwa mdomo wangu, wako umeushinda? Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona vile amenyoosha koti asilikunje. Imenishinda. Tazama sasa, nimewakalisha tena. Wewe uliwakalisha kwa ajili ya kazi, mimi nimewakalisha kwa ajili ya aibu. Tumekuwa sawa, mimi na wewe.

IMRAN: Usiseme hivyo. Wewe si kama mimi.

SHAMSIA: Uko wapi?

IMRAN: Huku mtaa wa Kwa Reuben. Nimelala kwa rafiki yangu Kimanzi.

SHAMSIA: Umejificha.

IMRAN: Sikujua nitakwambiaje.

SHAMSIA: Sasa umeniambia. Amka kwa hicho kitanda cha watu. Tafuta gari la kumfikisha Mama Shiru hospitali, lisilo na moshi wa kumuua, na uje ndani yake.

IMRAN: Nitamwita Nzivo, ana ile teksi yake, inafunga vioo vizuri. Nitamwagiza aje awachukue.

SHAMSIA: Sikusema umwagize. Nimesema uje.

IMRAN: Hapo steji?

SHAMSIA: Hapa hapa. Usimame mbele ya hii benchi umwambie Mama Shiru alikuwa akifanya nini ndani ya lile basi, maana hajui. Umwambie na vile ulivyomsema. Nabwire pia. Ukimaliza hapo uende kwa hao wa kampuni, wajue Umoja kuna watu wanaolihitaji basi lao. Kama watalirudisha, kama hawatalirudisha, hiyo si juu yako tena. Lakini wasibaki wakidhani ni sisi.

IMRAN: Mama, manamba wote wa matatu wako hapo saa hii. Watanicheka mwaka mzima. Wale wa dizeli ndio walisema tangu mwanzo hilo basi halitafika mbali. Sina uso wa kuja hapo.

SHAMSIA: Hata mimi sina. Na niko hapa.

IMRAN: Nasikia, mama.

SHAMSIA: Simu ya watu imeanza kulia tii tii, kredo inaisha. Nimemmalizia Mama Shiru kredo yake kwa mambo kama haya. — Eeh, Mama Shiru? Nakuja, nakurudishia sasa hivi. — Unasema? — Haya, nitamwambia.

IMRAN: Anasemaje?

SHAMSIA: Anasema usimharakishe dereva kwa ajili yake. Barabara ni mbaya. Atangoja tu, anakuamini.

IMRAN: Mama, usimwache angoje. Mwambie nakuja, natoka sasa hivi, navaa viatu. Mwambie ni mimi tu nakuja, hakuna basi. Umenisikia? Mama?

[Simu imekatika.]

IMRAN: Haloo?