Masale Yaliyopandwa Kabla Sijaondoka

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, ndugu zangu wa usharika huu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wenye safari, nawasalimu wote kwa jina la Bwana.

Mchungaji ameniomba niseme, kwa sababu wale wa kuandika askari wameonekana tena sokoni, na baadhi ya vijana hawa wameshapimwa vifua. Nimeandika maneno yangu nyumbani. Ni tabia yangu kuandika mambo ya siku jioni, ingawa shule yangu ilikomea darasa la nne, na mwandiko wangu kuku akiuona atasema ni wake. Nilipoyasoma tena niliona kuna mahali nimejisifu, nikapafuta. Kama pamebaki pengine, mnisamehe. Jina la mtu sitataja. Wengine wamo humu ndani, na mmoja hayupo tena wa kujitetea, kwa hiyo nitajitahidi kumsemea vizuri.

Ilikuwa wakati wa vita vile vya pili vya Wazungu, vya Habeshi na Bama. Mimi nilikuwa kijana, nafanya kazi katika shamba la kahawa la Mzungu, huku chini tunakopita tukienda mjini Arusha. Kazi yangu ilikuwa kuosha kahawa. Wengi mnaijua. Buni ikishamenywa inalazwa ndani ya tangi mpaka ule utelezi wake uchachuke, halafu inafunguliwa kwenye mfereji wa saruji, na ninyi mnasimama ndani ya maji na vibao, mnaisukuma kupinga mkondo mpaka ikwaruze kama changarawe. Maji yenyewe yanatoka juu mlimani, na ubaridi wake hauhitaji maelezo. Kahawa ilikuwa ya Mzungu, maji yalikuwa ya kwetu.

Nyayo zangu ziligeuka nyeupe, zikapasuka katikati ya vidole, na harufu ya kahawa iliyochacha haikunitoka hata nikioga kwa majivu. Lakini ndugu zangu, nawaambia, si miguu iliyonivunja moyo. Kando yangu alisimama mzee mmoja aliyekuwa akiosha kahawa pale tangu wakati wa Mdachi. Kila asubuhi nilimwona akishika ukuta kabla ya kuingia majini, nami nikajiona mwenyewe nikiwa na mvi.

Nilimwendea nyapara wetu, Mmeru mwenzetu, nikamwomba anihamishie kwenye mashine ya kumenyea.

"Mashine ina wenyewe," akasema. "Wewe umeshazoea maji."

"Nani alikuambia nimeyazoea?"

"Hujafa."

Wenzangu wakacheka, hata mimi nikacheka. Lakini tangu siku ile nikaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Na nyumbani je? Baba yangu alikuwa amekufa, ameniacha mimi na mama katika kihamba chetu, shamba la urithi wa ukoo. Migomba ilikuwepo, na mibuni michache iliyokuwa bado midogo. Jirani yetu wa juu alikuwa baba mdogo, ndugu ya marehemu baba. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji ya mfereji wa ukoo, na zamu yetu ilikuja mara chache, tena ikija imechoka. Mimi nilisema moyoni kwamba ananinyima. Naomba niwe mkweli: mwaka ule mvua ilikuwa haba, na sikuwahi kupanda juu kuona kama yeye mwenyewe anapata.

Basi siku ya soko akaja sajini wa Keya, jeshi la Mwingereza, na ngoma, na askari wawili waliokuwa na buti zinazong'aa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila neno amri.

"Wewe mrefu! Kazi yako nini?"

"Naosha kahawa, bwana sajini."

"Unaiosha, au inakuosha? Toa mguu nione."

Nikatoa. Watu wakasogea kuona kama wanaonyeshwa mbuzi. Sajini akautazama, akatikisa kichwa.

"Mguu huu unataka buti."

"Na mwenye mguu atarudi?" nikamwuliza.

"Mimi sikurudi? Si nimesimama mbele yako?"

Kweli alikuwa amesimama. Lakini aliokwenda nao sikuwaona pale. Akanipima kifua kwa kamba, akaniambia nimefaa, nirudi Jumatatu bomani mjini, lori litakuwepo. Nikasema nitakuja. Neno lilinitoka kabla sijalitazama.

Kumbe huo ndio mwanzo wa taabu. Maana nilidhani watu watanizuia, na hakuna aliyenizuia.

Nyapara alisikia, akanifuata mferejini, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mgonjwa. Akachuchumaa ukingoni. "Nenda," akaniambia. "Huko mtu anapata cheo. Hapa utapata nini?"

"Mbona unanifukuza?"

"Nani anakufukuza? Nakuambia nenda, basi."

Kesho yake akarudi. "Umeshaamua?" Nikamjibu bado. Akaondoka amekunja uso. Nikasema, huyu ana ndugu yake anamtafutia nafasi yangu. Sasa ninyi mtaniuliza, ni nani duniani atakayeitamani nafasi ya kusimama majini? Ni swali zuri. Mtu mwenye shuku hajiulizi swali zuri, anachukua lile linalomkolea.

Nikamwendea baba mdogo. Nilitazamia angalau aseme, subiri tuzungumze. Hata stuli hakunipa.

"Nenda mwanangu, ukawe mwanamume. Usiwe na wasiwasi. Nyumbani nipo mimi."

Nyumbani nipo mimi. Maneno hayo yakanikaa kifuani kama ndizi mbichi. Kwa mtu mwingine yangekuwa faraja. Mimi niliyasikia kama mtu anayepima nyumba ya jirani kwa macho.

Nikaacha kula alichoandaa mama kama kimetoka kwa baba mdogo. Nikaacha na kuja hapa kanisani, kwa sababu yeye alikaa benchi la mbele, nami sikutaka kuimba nyuma ya kisogo chake. Nasema hivi msije mkadhani nilianguka kwa pombe au kwa wanawake. Nilianguka kwa kuwatazama watu.

Ijumaa nikarudi kutoka kazini mapema, mashine imeharibika. Nikapita katikati ya migomba, na pale karibu na ndizi za mama nikaona masale. Masale mapya, yamepandwa kwa mstari, udongo bado mbichi, yanakata kihamba chetu vipande viwili.

Hapa sina haja ya kumweleza mtu wa Meru. Lakini kuna wageni kati yetu, na mwinjilisti wetu ametoka mbali. Isale ni mti mwembamba wa majani marefu, na kwetu ndio mpaka. Likishapandwa na wazee, halichezewi. Anayeling'oa ameugombanisha ukoo mzima, na ugomvi wake wanaurithi watoto. Tena mtu akikuletea jani lake mkononi, anakuomba amani, nawe huruhusiwi kumfukuza wala kumdanganya. Mwinjilisti asinikasirikie, mimi nasimulia ilivyokuwa.

Sasa fikirini. Sijapanda lori, na mpaka umeshahamishwa. Nilishika isale la kwanza kwa mikono yangu miwili. Lilikuwa halijashika mizizi, likatikisika kama jino la mtoto.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. "Ling'oe," akasema, "halafu nenda kwa hao askari wako, maana hapa hutakuwa na pa kurudi."

"Nani ameyapanda?"

"Siwezi kukuambia. Wazee wamesema nisiuondoe moyo wako safarini."

"Ni baba mdogo."

Akanyamaza. Mama yangu hakujua kusema uongo, kwa hiyo alinyamaza. Kisha akasema, "Isale halijibiwi kwa panga, mwanangu. Linajibiwa kwa isale."

Nikaliacha, lakini sikuwa nimeelewa. Nikaenda kwanza kwa jirani mmoja aliyekuwa likizo kutoka Keya, nikamwuliza jeshi likoje. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, hakuacha kukata. Akaniambia chakula ni kizuri, na yeye amefundishwa kuendesha lori, jambo ambalo hapa asingelipata kamwe. Akaniambia pia kwamba amewazika watu watatu kwa koleo lilelile la kuchimbia choo. Yote mawili aliyasema kwa sauti moja. Nikamwuliza, "Ungekuwa mimi ungekwenda?" Akasema, "Mimi nilijua ninachokimbia. Nilikotaka kufika sikukujua. Wewe unajua?" Sikujua. Nilikuwa nataka kutoka majini, na sasa nilikuwa nataka kubaki ili baba mdogo asipate kihamba. Ndugu zangu, hakuna hata moja kati ya hayo lililo safari ya mtu mzima.

Jumamosi asubuhi nikavunja jani moja la isale, nikalikunja fundo kama nilivyomwona marehemu baba akifanya, nikapanda kwa baba mdogo. Miguu ilikuwa inauma, na moyo ulikuwa unaniambia anakwenda kukucheka huyo.

Alikuwa anapalilia. Akaliona jani mkononi mwangu, jembe likasimama. Nikampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba." Akalipokea. Akakaa chini palepale kwenye udongo, nami nikakaa.

"Masale yale umeyapanda wewe?"

"Nimeyapanda mimi, na wazee wa ukoo wakiwa wamesimama."

"Unagawa kihamba changu nikiwa hai?"

"Nagawa kwa sababu nimekuhesabu umekufa," akasema. "Usinitazame hivyo. Vita vya kwanza walikwenda ndugu zangu wawili kubeba mizigo, hawakurudi. Huna mke, huna mtoto. Ukifa huko, ukoo unachukua kihamba, na mama yako anarudishwa kwa kaka zake na sufuria yake moja. Upande ule wa nyumba na ndizi nimemkatia yeye. Wazee wameshuhudia kwamba hataondolewa."

Nikahisi uso wangu umepata moto. Lakini mimi ni mtu wa kuhesabu haki mpaka mwisho, na shuku haikuwa imekufa. Nikamwuliza, "Na upande wa juu? Ule unaopakana na mfereji?"

Baba mdogo akalitazama jani. Akaligeuza. Kisha akacheka, lakini si kwa furaha.

"Ule ningeuchukua mimi. Umekuja na isale, sitakudanganya."

Nawaambia ukweli, siku ile nilimpenda. Nilikuwa nimemshuku nusu kwa haki na nusu kwa uonevu, naye amenipa nusu zote mbili mkononi bila kuzifunika.

"Kwa hiyo ulitaka niende," nikasema.

"Nilitaka, na sikutaka. Wewe ukikaa utafanya nini? Utaosha kahawa ya Mzungu mpaka uote magamba?"

"Nipe zamu ya maji ya kweli, niioshe ya kwangu."

Akafikiri. Akasema zamu ya asubuhi ya Jumanne itakuwa yangu, na kama nitachimba sehemu iliyoziba pale juu, nitapata na ya Ijumaa. Na masale ya mama yatabaki yalipo. Nikakubali. Sijui hata leo kama niliamua kubaki kwa ujasiri au kwa woga uliopata kisingizio kizuri. Nimejiandikia swali hilo mara nyingi, na jibu linabadilika kwa kadiri ya nilivyolala.

Jumatatu nikashuka bomani. Nilikuwa nimesema nitakuja, na sikutaka mtu aseme nimejificha migombani. Nikamwambia sajini siendi. Akanitukana kidogo, tena kwa haki. Nilipogeuka kuondoka nikaona aliyekaa ndani ya lori, nyuma kabisa, na kifurushi mapajani. Nyapara wetu.

"Kumbe ni wewe?" nikamwambia.

"Ni mimi."

"Mbona ulinisukuma niende, usiseme unakwenda?"

Akashusha sauti wasisikie wengine. "Nilitaka tuwe wawili. Mtu wa kusema naye Kimeru."

"Ungeniambia."

"Nikuambie ninaogopa? Mimi nyapara, nikuambie wewe wa majini?"

Lori likawashwa. Akaniambia nimsalimie mzee yule wa mferejini. Nyapara huyo ndiye niliyesema hayupo tena wa kujitetea. Alibaki Bama. Angeniambia siku ile alipochuchumaa ukingoni, nadhani ningekwenda naye. Na mimi ningemwuliza kwa moyo mweupe, badala ya kumwambia ananifukuza, nadhani angeniambia. Nani alikosa zaidi siwezi kukata shauri, na yeye hayupo tugawane kosa.

Mengine mnayajua. Niliacha kazi ya shamba, nikachimba pale juu, nikajenga mfereji mdogo wa kuoshea, na sasa majirani wengi huleta kahawa yao kwangu. Bado nasimama majini, lakini natoka ninapotaka. Nilirudi na kanisani, nikakaa benchi lilelile nyuma ya kisogo kilekile, na nikagundua mwenye kisogo anaimba vibaya kuliko mimi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, aliyejua kunyamaza pasipo kudanganya. Namshukuru baba mdogo kwa ule ukweli wake mchungu. Namshukuru jirani mkata majani, ambaye hakunivutia upande wowote. Na nyapara wetu namshukuru kwa kuwa alinitaka mimi, kati ya wote, niwe mwenzake.

Vijana, sikuwaambia msiende. Wako waliokwenda wakarudi na ufundi na akili, na mimi sina haki ya kuwasema vibaya. Ninachowaambia ni hiki: mtu asiende, wala asikae, kwa sababu ya mtu mwingine ambaye hajamwuliza. Kama unamshuku baba yako, mwendee. Kama unamshuku mwenzako, kaa naye chini. Huenda ukakuta shuku yako ni ya kweli, kama yangu ilivyokuwa nusu. Hata hivyo utaamua ukiwa unaona.

Nimemaliza. Naona wawili watatu wananong'ona pale mlangoni. Kama kuna mwenye neno juu ya niliyosema, aniulize hapa mbele ya wote, nisije nikarudi nyumbani nikimshuku.