Mama Ungekuja: Dada Yetu Aliyepima Faida ya Matamasha

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, kifungua mimba wa mkata tiketi na fundi wa mashela. Mama alizoea kusema mtoto huyu alianza kuuliza "kwa nini" kabla hajamaliza kuota meno.

Alisoma mtaani hapo hapo hadi sekondari, kisha chuo kikuu, alikohitimu takwimu mwaka 1981. Mwaka uliofuata aliajiriwa na ofisi ya utalii ya jiji, kupima faida halisi ya kila tamasha na kila mashindano. Alisimama kwenye mapokezi ya hoteli na milango ya viwanja, akimuuliza kila mgeni: "Ungekuja huku kama shughuli hii isingekuwepo?" Wenzake wakambatiza Mama Ungekuja.

Ndivyo alivyompata shemeji yetu, fundi wa vipaza sauti aliyekuja na bendi. "Nisingekuja," alimjibu. "Ila mwakani nitakuja hata isipokuwepo." Akaja kweli. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1998, baada ya mashindano makubwa ya riadha, jiji lilitaka kutangaza faida nono ili lijenge uwanja mpya palipo soko. Dada alikataa kutia saini. Wengi waliokata tiketi walikuwa wenyeji, alisema; pesa zao zilihama mfuko tu, hazikuingia kutoka nje ya mji. Tena watalii wa kawaida walikimbia msongamano.

Mkurugenzi akamsihi, "Dada, mji unahitaji habari njema."

"Ninayo, bosi. Ila ni ndogo."

Akahamishiwa chumba cha vipeperushi. Kwa miaka mitatu alipanga vipeperushi huko. Kisha benki iliyoombwa mkopo wa uwanja ikadai tathmini nyingine, na watafiti wa nje wakafikia pale pale alipofikia yeye. Soko likabaki. Dada akarudishwa, akaongoza kitengo chake hadi alipostaafu mwaka 2017. Hakumsimanga mtu.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2023. Alitibiwa kwa subira, akiwatania wauguzi. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024 alimwomba shemeji afungue dirisha, akasema, "Leo kuna hewa nzuri," akalala. Hakuamka tena.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake. Kila nilichoandika maishani alikipitia yeye kwanza, akifuta palipozidi. Haya nimeyapitia peke yangu.

Dada, umefanya kazi. Pumzika kwa amani.