Padre wa Karai la Viazi

Padre Zadock Wakhungu anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuwahudumia wanajeshi miaka ishirini na nane, kumi na moja kati ya hiyo hapa kambini kwetu Kisumu. Wamesema mimi mpishi nimsifu. Nitamsifu, lakini ukweli kwanza: alipokuja hakujua kitu.

Jumapili yake ya tatu alihubiri kwamba anayewaza kujiua amekosa imani. Koplo Calvince Opondo, aliyekuwa ametoka misheni ya kijeshi ambako rafiki yake aliuawa, aliinuka akatoka. Chai yangu hakunywa. Chakula hakugusa. Nikamwendea Padre na mwiko mkononi: "Huyo mtoto alikuja kwako akitafuta mlango, wewe ukaufunga!"

Mwingine angenifukuza kazi. Yeye alimtafuta Calvince mpaka akampata nyuma ya stoo, akamwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Calvince akasema ndiyo. Padre hakuhubiri. Hakumwacha peke yake hata dakika moja. Alimpeleka kwa daktari, akamwomba mkubwa wake amtoe kwenye zamu za bunduki, akakaa naye mpaka dada yake, Mercyline, akafika kutoka Obunga.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kambi nzima akasema, "Nilikosea. Nisameheni." Mtu mwenye cheo! Sijasikia tena hapa.

Tangu hapo ofisi yake inakaa na vumbi. Alijua askari akionekana akiingia kwa padre, wenzake watamcheka. Basi kila Jumanne alikaa jikoni kwangu akimenya viazi, na mwenye neno moyoni alivuta stuli akamenya naye. Macho yakiwa kwenye kiazi, maneno hutoka. Lakini jamani, alimenya vibaya! Nusu ya kiazi iliondoka na maganda. Calvince, ambaye huniita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, alikuwa ananiambia, "Dani, mpe Padre sufuria aoshe, tutalala njaa!" Nguruwe wa Otonglo wanaopelekewa maganda yetu wamenenepa kwa huduma yake.

Calvince sasa ni sajini, baba wa watoto wawili. Jumanne iliyopita Padre alikuwa akifunga mizigo. Calvince alikuja jikoni bila kuitwa, akakaa kwenye stuli ya Padre, akaanza kumenya. Baadaye kidogo askari mmoja mgeni akavuta stuli ya pili.

Padre, asante kwa kurudi kuufungua ule mlango. Nenda nyumbani Migosi ukale vizuri, ulale vizuri, Mungu akuongezee siku. Viazi niachie mimi, Mama Milka.