Kibao Kilichofunikwa na Tope

Wapendwa, mliotoka kanisani, mliotoka msikitini na mliokuja moja kwa moja kutoka shambani, nawasalimu. Mwenyekiti amesema nisimame, lakini naomba niongee nimekaa. Nadhani humu ndani hakuna atakayeniuliza kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Kongwa. Nilikuwa dereva jeshini. Nilikuwa naendesha deraya, lile gari la vita lenye chuma pande zote, na niliipenda ile kazi. Watu waliona mwanamke nashuka kwenye usukani, halafu wananiuliza dereva yuko wapi. Nilizoea.

Sitataja tulikuwa nchi gani wala kikosi gani, na jina la mtu silitaji. Tulikuwa mbali na nyumbani, kulinda amani, kwenye milima yenye misitu na mvua nyingi. Sasa ili mnielewe, kuna kitu kimoja lazima niwaeleze. Magari yale hubandikwa vibao vya utambulisho. Ukikitazama kwa macho, utasema ni kipande cha bati tu. Lakini wapiga bunduki wana darubini inayoona joto. Humo ndani gari lenye injini ya moto linaonekana jeupe, na kile kibao kinaonekana cheusi katikati ya weupe. Mwenzako akiona ule weusi anajua huyu ni wetu, anaondoa kidole. Juu ya paa tunaweka pia kitambaa cha rangi ya machungwa, cha kuonekana na helikopta. Basi, ni hayo tu. Maisha ya watu yanategemea bati na kitambaa.

Siku hiyo tulitoka kupeleka wagonjwa. Tukirudi, njia kuu ilikuwa imekatika kwa maji, tukapita porini. Matawi yaling'oa kibao cha upande mmoja. Kitambaa cha juu tukakikunja kisichanike. Mbele kidogo tukazama kwenye tope, tukavutwa na gari la wenzetu wa kambi nyingine waliokuwa wanapita, tukatoka tumejaa tope hadi juu. Kiongozi wetu akatoa taarifa kwa simu ya upepo kwamba tunarudi kwa njia nyingine na vibao havionekani. Taarifa ile haikufika. Milima ile inameza sauti. Sisi tulidhani imefika.

Asubuhi yake kulikuwa na ukungu. Tukakaribia kituo chetu kutoka upande ambao hakuna aliyetutegemea.

Nilisikia kama fundi anagonga bati kwa nyundo, mfululizo. Kisha mguu wangu wa kushoto ukawa si wangu. Mwenzetu mmoja alipanda juu ya gari, risasi bado zinakuja, akakunjua kile kitambaa na kukipunga kwa mikono miwili. Ndipo zikanyamaza. Hakuna aliyekufa. Kila mkisikia habari hii, kumbukeni hilo kwanza, maana mimi ilinichukua muda mrefu kulikumbuka.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Waliochunguza walisema hakuna aliyekusudia. Nikarudishwa nyumbani kwa mama, Kongwa.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, maumivu ya kidonda niliyaweza. Kilichonishinda ni kujua kwamba aliyenipiga alikuwa amevaa sare kama yangu. Adui angenipiga, ningesema ni vita. Lakini huyu tulikuwa tunakula naye sahani moja. Nikawa sitoki nje. Gari likipiga honi barabarani, nageukia ukutani. Hospitali ya Dodoma walinipangia kwenda kupimwa mguu wa bandia, sikwenda. Wakanipangia tena, sikwenda. Mama aliweka chakula mlangoni na kukiondoa kilivyo.

Yule mpiga bunduki alikuwa ananitumia ujumbe kwenye simu. Sikumjibu.

Mchana mmoja nikasikia gari limesimama nje. Mtu akabisha hodi. Nikasikia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa hapo kivulini."

"Sikai kwanza, mama. Mimi ndiye niliyepiga gari la binti yako."

Nikajua mama atamfukuza, nikafurahi. Mama yangu ni Mgogo wa maneno machache, lakini akichemka utahama mji. Kisha nikamsikia anasema, "Umetoka mbali. Umekula?"

"Hapana, mama."

"Basi nawa mikono."

Nilitoka na magongo yangu nimejaa matusi kifuani. Nikamkuta ameketi mbele ya ugali na mlenda, hawezi kumeza. Alikuwa amekonda. Kijana aliyekuwa anabeba magunia kwa mkono mmoja, shati linamning'inia. Nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba tangu hospitalini.

"Uliangalia?"

"Niliangalia pale kibao kinapokaa," akasema. "Nikaangalia tena. Palikuwa peupe. Nikauliza kwa simu kama kuna gari letu nje, nikaambiwa hakuna. Bado nikangoja. Mlipopinda kuelekea lango, ndiyo nikapiga."

"Ulijua saa ngapi kwamba ni sisi?"

"Nilipoona rangi ya machungwa." Akaliweka tonge chini. "Dada, nimeacha jeshi. Siwezi hata kushika panga la kukatia nyasi."

Matusi yangu sikuyaona tena. Nilikaa chini. Mama akanisogezea sahani, na siku hiyo nikala.

Baadaye nikamwambia, "Umekuja na gari. Nipeleke Dodoma, nikapimwe mguu." Gari lilikuwa la kaka yake, dogo, la otomatiki. Tulipofika Mbande kuingia barabara kuu, lori likatupita kwa kasi, na yeye akakanyaga breki ghafla. Akaegesha pembeni, jasho linamtoka.

"Dada, siwezi. Tutaua mtu."

Nikaliangalia lile gari. Halina klachi. Linahitaji mguu wa kulia tu, na wa kulia ninao. Nikamwambia, "Shuka, zunguka huku. Funga mkanda."

Nikashika usukani. Mwanzoni nilikwenda kama mtu anayebeba mayai, bodaboda zote zikanipita. Tulipovuka Chamwino nilikuwa naimba. Yeye alikuwa analia kimya kimya, sikumkataza. Hospitalini wakaniuliza nani amenileta. Nikasema nimejileta.

Leo natembea kwa mguu huu mnaouona. Nafundisha udereva hapa mjini, na mara nyingine vijana wa jeshini wananiita niongee nao. Nawaambia washuke kabla ya safari, wafute kibao kwa kitambaa, wakiguse kwa mkono. Wananisikiliza vizuri, sijui kwa nini. Yule ndugu anachunga ng'ombe wa familia yao. Siku ya harusi yake mimi ndiye niliyemwendesha bibi harusi. Sisemi yote yameisha. Baridi ya mwezi wa saba inanichoma kwenye kidole ambacho sina. Ukungu ukishuka, naegesha, nasubiri.

Namshukuru mama yangu. Namshukuru aliyesimama juu ya gari wakati wengine tumelala chini. Nawashukuru wauguzi walioendelea kunipangia miadi niliyokuwa naikataa, na ninyi mlionipokea bila kunitazama miguuni.

Nililojifunza ni dogo. Mwaka mzima nilikuwa najibu mwenyewe maswali ambayo mwenye majibu alikuwa anayabeba mfukoni, naye yanamuua. Kama kuna mtu wa namna hiyo katika maisha yako, na ukiona anaweza kuaminika, mfungulie mlango mchana, mwulize, umsikilize hadi mwisho. Kusamehe kutakuja kwa wakati wake.

Haya, chai iko tayari. Wale mlioambiwa kwamba kwa mguu mmoja hamtaendesha tena, gari langu liko pale nje, na leo asubuhi nimelikagua mwenyewe. Nani anaanza?